Kuchagua mbwa kwa sura: ina uzito gani kwa hali ya hewa ya Dar?

MwanaGoba

Wakuu, habari za jioni.

Natafuta mbwa mmoja wa nyumbani, Goba. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, ukuta umezunguka, geti la chuma lina uwazi chini ambao mkono wa mtu unapita. Kuna watoto wawili, wa miaka 5 na 9, na dada wa kazi ambaye ni mwoga wa mbwa. Namtaka abweke usiku mtu akisogelea ukuta, na mchana asimrarue fundi wala muuza maji.

Nimeletewa watatu:

– German Shepherd dume, manyoya marefu, muuzaji anasema ana wiki 7 na "chanjo zote". Laki 6.
– Husky jike, miezi 3, macho ya bluu. Laki 9.
– Chotara wa German na kienyeji, jike, miezi 2 na nusu, rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na lingine limelala. Laki moja na ishirini.

Nyumbani wameona picha tu, wote wakampenda Husky. Huku nje nasikia wengine wakisema sura si kitu, angalia tabia, na wengine wanasema mbwa wa ulinzi asiyetisha ni hasara. Mwenye ujuzi anisaidie: sura niipe nafasi gani, na nikifika huko niangalie nini hasa?

---

Mnyororo

Mkuu, wanaosema sura si kitu wanapotea sawasawa na wanaonunua kwa picha. Umbo la mbwa linakueleza mengi ukijua kulisoma. Urefu wa pua unakuambia atapumua vipi mwezi wa pili, manyoya yanakuambia kupe watajificha wapi, na miguu ya nyuma inakuambia kama atapanda ngazi akiwa na miaka 6. Kisichokuambia kitu ni rangi ya macho, na ndicho hicho kilichowavutia nyumbani kwako.

Nianze na joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anatoa kidogo tu kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema, yaani unyevu wa mdomoni na puani unakauka na kuondoka na joto. Sasa hewa ya Pwani imeshajaa unyevu, hivyo ule wa mdomoni haukauki haraka. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana unafika nyuzi 32 au 33, na usiku wenyewe haushuki kiasi cha kumpumzisha. Kwa hiyo pua ndefu na manyoya mafupi ni faida kubwa kuliko jina la aina yoyote.

Wenye uso bapa, Pug, French Bulldog, Bulldog wa Kiingereza na hata Boxer, wana njia ya hewa iliyobanwa: matundu ya pua membamba na nyama laini ya nyuma ya koo inayoziba. Ukimsikia anakoroma akiwa macho, usiseme ni mzuri. Huyo anahangaika kupata hewa.

Husky ni mbwa wa kuvuta sleji kutoka Siberia. Ana manyoya matabaka mawili, la ndani zito kama sufi. Dar anaishi, wapo, ila kwa masharti: kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni awe ndani kwenye vigae na feni au kiyoyozi, mazoezi saa 12 asubuhi, na kumchana manyoya mara mbili tatu kwa wiki. Usimnyoe upara ukidhani unamsaidia, kwani tabaka la nje ndilo linamkinga na jua, na likinyolewa mara nyingine halirudi vizuri. Juu ya hayo, kwa kazi unayoitaka hafai. Anapenda wageni, analia kama mbwa mwitu badala ya kubweka, anachimba chini ya ukuta na anaruka. Ukuta wa mita 1.5 kwake si kitu.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likifika 41 yuko hatarini. Dalili: anahema bila kupumzika, ulimi mwekundu sana, mate mazito, anayumba, anatapika. Mwagie maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, mpepee kwa nguvu au muweke mbele ya feni, ndipo umkimbize kwa daktari. Usimfunike kwa taulo lililolowa, linashika joto ndani.

---

Kazi_ya_Geti

Nyongeza fupi. Sura ina kazi moja ya kweli kwenye ulinzi: kumfanya mtu asijaribu. Masikio yaliyosimama, kifua kipana na rangi nyeusi vinatisha wapita njia hata kama mbwa ni mpole kama kondoo. Lakini usiku mwizi haoni sura, anasikia sauti. Kienyeji wa kilo 18 anayebweka mapema anazidi Boerboel, lile jitu la Afrika Kusini, wa kilo 65 aliyelala fofofo.

Usitegemee ulinzi mapema pia. Wengi wanaanza kubweka wageni kwenye miezi 5 au 6, na ujasiri wa kweli unakuja baada ya mwaka, wengine mmoja na nusu. Anayekuuzia "mlinzi" wa wiki 7 anakuuzia matumaini.

Na kabla mbwa hajafika, ziba ule uwazi wa geti. Bati zito la sentimita 30, lichomelewe kwa ndani. Watoto wa jirani watapitisha mkono, na hapo kesi ni yako.

---

Dada_Mfugaji

Kaka, nikuelekeze ukaguzi wenyewe. Nenda asubuhi kabla ya jua kali, maana mtoto wa mbwa wa saa 8 mchana amechoka na utadhani ni mpole. Beba tochi ya simu, taulo jeupe na chupa ya maji.

Anza na mama yake. Akisema mama "yuko shamba", basi hao ni watoto wa kununuliwa na kuuzwa, hujui walikotoka. Mama akiwepo, tazama anavyokupokea mwenye nyumba akiwa pembeni. Akibweka kisha akatulia na kukunusa, vizuri. Akijificha nyuma ya banda na kutetemeka, au akikuvamia bila kusita, watoto wamerithi kitu na wamejifunza kitu. Hapo ndipo ninapotoa nusu ya uamuzi wangu.

Umri usome kwenye meno. Mtoto wa wiki 8 ana meno ya utoto 28, au karibu yote. Wa wiki 4 ana ya mbele madogo yanayotokeza na nyuma bado ni fizi. Wauzaji wengi wanawatoa wiki ya 4 au 5 kwa sababu ndipo wananenepa na kupendeza kwa picha, na chakula bado ni cha mama. Mtoto aliyetolewa hivyo hajafundishwa na ndugu zake kupunguza nguvu ya kuuma, na kwa watoto wako wa miaka 5 na 9 utaliona hilo mikononi mwao.

Fizi ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe ni minyoo au homa ya kupe.

Tumbo: la kawaida linajaa baada ya kula na kulegea baadaye. Tumbo duara gumu kwenye mbavu zinazoonekana ni minyoo. Dawa ya minyoo ilitakiwa aanze wiki ya 2, kisha kila wiki mbili hadi ya 8, muulize tarehe. Papasa kitovu. Uvimbe laini unaorudi ndani ukisukuma ni ngiri. Ndogo hujifunga yenyewe, ila inayoingiza ncha ya kidole ni ya upasuaji.

Taulo jeupe lilowanishe kidogo, mweke juu yake na umsugue manyoya kinyume. Chembe nyeusi zikidondoka na kuacha doa jekundu la kutu kwenye maji, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyomeng'enywa. Kisha kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia. Kwa mwenye manyoya marefu utafute kwa vidole, macho hayatoshi. Hapo ndipo gharama ya yule German wako wa laki 6 ilipo. Kupe wa kahawia wa mjini anazaliana hadi kwenye nyufa za ukuta wa banda, analeta homa ambazo mbwa anakonda, anatoka damu puani au anakojoa mkojo wa rangi ya kola. Kwa mbwa wa manyoya mafupi unamkagua kwa dakika 3. Huyu ni dakika 20, kila siku, kwa miaka 10. Jiulize nani nyumbani atafanya.

Usije ukampaka mbwa mafuta ya taa kuua kupe. Ukitumia dawa ya kuogeshea yenye amitrazi ya asilimia 12.5, ni mililita 10 kwenye lita 5 za maji, siyo kukadiria kwa kifuniko. Usimsuuze, akauke kivulini, asijilambe mpaka akauke. Chini ya miezi 4 usitumie kabisa, muulize daktari wa mifugo dawa ya umri huo.

Miguu: mshushe atembee mbali nawe, kisha akimbie. Anayekimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura, au anayekaa upande upande kila mara, nyonga zake zina mashaka. German na Rottweiler wana tatizo hilo kwenye ukoo. Anayejiita mfugaji mkubwa muombe picha za eksirei za nyonga za wazazi, zilizopigwa wakiwa na angalau mwaka mmoja. Akicheka, umeshajibiwa.

Ule mgongo unaoteremka unaouona kwenye picha za German, nusu yake ni pozi: mguu mmoja wa nyuma umevutwa nyuma na mwingine umewekwa chini ya tumbo. Mwambie asimame kawaida ndipo uangalie.

"Chanjo zote" kwa wiki 7 haipo. Chanjo ya parvo (virusi vinavyoharisha damu watoto wa mbwa) na wenzake huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa inapigwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Kadi iwe na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha dawa, tarehe na muhuri wa daktari. Mistari ya kalamu peke yake haitoshi.

---

Rangi_Siyo_Kazi

Dada kamaliza kazi, mimi niongeze habari ya rangi, kwa sababu mjini rangi adimu ndiyo inapandisha bei na mara nyingi ndiyo kasoro yenyewe.

Doberman au Pitbull wa "bluu", ile ya kijivu: vinasaba vinavyofifisha rangi vinaweza kudhoofisha nywele. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 3 anaanza kunyonyoka mgongoni, ngozi inakauka na kupata vipele. Hakuna tiba ya kumaliza. Mabaka ya marumaru ni salama kwa mzazi mmoja tu. Wakipandishwa wawili wenye mabaka hayo, robo ya watoto kwa wastani watapata nakala mbili za kinasaba hicho, na hao mara nyingi ni viziwi au vipofu. Weupe watupu, hasa kichwani, pia wana hatari ya uziwi, na ngozi ya waridi ya pua na tumbo inaungua kwa jua letu. Kupima uziwi: subiri awe ameinamia bakuli, simama nyuma yake asikuone, tikisa funguo. Asiposogeza hata sikio, rudia upande wa pili. Usipige mguu chini, atahisi mtikisiko na utadanganyika.

Macho ya bluu ya Husky ni ya kawaida kwa aina yake, hayana ubaya. Hayana faida pia.

Manyoya marefu ya German si ushahidi wa damu safi wala ya uchafu. Kinasaba chake kinajificha, wazazi wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuzaa mtoto mwenye marefu. Asikutoze laki mbili zaidi kwa hilo.

Masikio: ya German yanasimama wakati wowote hadi miezi 5 au 6, na yanaweza kuanguka tena akibadilisha meno. Sikio moja juu na jingine chini kwa mtoto wa miezi 2 na nusu ni kawaida kabisa. Usimlishe vidonge vya kalsiamu ili yasimame. Kwa mbwa wa umbo kubwa kalsiamu ikizidi inapindisha mifupa, hilo limethibitishwa. Mkia wa Rottweiler usikatwe kwa fasheni. Ujerumani kwenyewe walikotoka wamepiga marufuku kukata mikia tangu 1998, ndiyo maana wa kule siku hizi wana mikia.

Halafu kuna jambo la aina na tabia. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia taarifa za mbwa zaidi ya 18,000. Aina ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha German Shepherd mwaka 1899, alimtaka mbwa wa kazi kwanza. Mashindano ya urembo ndiyo yaliyomteremsha mgongo baadaye.

---

MwanaGoba

Nashukuru sana wakuu. Husky nimeshamtoa, nyumbani wamenuna ila wataelewa. Wamebaki German na chotara. Swali la mfuko: tofauti ya chakula ikoje? Na kwa watoto, nitajuaje tabia ya mtoto mdogo kiasi hicho?

---

Mnyororo

Chakula ni hesabu. Mbwa mzima wa kilo 20, ambao chotara wako atakaribia, anahitaji takriban kalori 1,050 kwa siku. German dume wa kilo 35 ni kama 1,600. Angekuwa Boerboel wa kilo 60 ungefika 2,400. Kwa chakula kikavu cha dukani, yule wa 35 ni kama gramu 450 kwa siku.

Ukipika mwenyewe kwa huyo wa 35: dona gramu 250 likaive kabisa, dagaa wakavu gramu 150 waliooshwa mchanga, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia, na boga au karoti kidogo. Chumvi usiongeze, kitunguu usiweke, mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe maana inapasuka kama vijiti. Dagaa akiliwa na mifupa yake ana kalsiamu ya kutosha. Kwa chotara punguza theluthi moja. Unga ulioota ukungu au pumba za bei chee zilizokaa zinaua ini la mbwa, zitupe hata kama kuku wanazila.

---

Dada_Mfugaji

Tabia kaka huwezi kuitabiri yote kwa wiki 8, ila kuna vya kuangalia. Mtenge na ndugu zake, mpeleke sehemu asiyoijua, chuchumaa kimya. Anayekuja mwenyewe ndani ya dakika moja, mkia ukicheza, ndiye wa nyumba yenye watoto. Dondosha rundo la funguo hatua mbili kutoka alipo: kushtuka ni sawa, unachotazama ni kama anarudi kunusa. Anayebaki kwenye kona amekaza mwili, muache, hata kama ndiye mzuri kuliko wote. Mlaze mgongo mapajani kwa sekunde 15. Atapigana kidogo kisha alegee. Asiyelegea kabisa na anayeuma kwa hasira atamshinda dada wa kazi.

Kwa maelezo yako ningemkagua chotara kwanza. Manyoya yake mafupi na pua ndefu vinafaa Goba, na rangi ya vumbi haina gharama. Ila masharti yale yale: mama aonekane, fizi ziwe za waridi. Akianguka hapo, laki moja na ishirini si nafuu, dripu za siku tano za parvo zitaipita.

Pesa usitume kwa simu kabla ya kumwona. Andikianeni kwamba akiugua parvo ndani ya siku 7 muuzaji anabeba gharama, kwa sababu virusi hukaa mwilini siku 3 hadi 7 kabla ya dalili, na huyo aliugulia kwake. Kama hapo kwako aliwahi kufa mtoto wa mbwa, sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iachwe dakika 10. Udongo huwezi kuuosha, hivyo asikanyage nje mpaka amalize chanjo.

Siku ya kumchukua asile kwa muda wa saa tatu kabla ya safari, kwenye bajaji atatapika. Omba kipande cha kitambaa alicholalia na mama yake. Wiki ya kwanza mpe chakula kilekile alichozoea, ukibadilisha ghafla ataharisha na utadhani ni parvo.

---

MwanaGoba

Naenda Jumamosi saa 2 asubuhi na taulo langu. Bati la geti fundi anachomelea kesho.